Mapumziko Marefu ya Fainali ya Akina Mama, Yamumbi

Walisema sitaweza hata kupanga mbuzi kwenye mstari mmoja. Aliyesema hivyo ni mjomba wangu, siku niliyorudi kutoka Bulgaria na sanduku la bati, koti zito lisilofaa kwa jua la Eldoret, na diploma ya elimu ya viungo na michezo. Mjomba aliishika ile diploma kwa vidole viwili kama anayeshika panya aliyekufa, akaniuliza, "Yaani ulipanda ndege, ukakaa kwenye barafu miaka hiyo yote, ukasomea kucheza?"

Nikamwambia ndiyo, na nilifaulu vizuri.

"Mbuzi wangu wanacheza kila jioni," akasema, "na hakuna hata mmoja nimepeleka Ulaya."

Wengine hawakuwa na ucheshi wake. Walisema kazi sitapata, nikipata sitamaliza msimu, na nikithubutu kuwafundisha wanawake mpira waume zao watanirudisha kwetu magharibi bila sanduku. Nawaandikia haya nyinyi vijana mnaocheza siku hizi kwenye viwanja vyenye nyavu na mabomba ya maji, ili mjue kwamba huyu mzee mnayempita akiota jua aliwahi kuchora mistari ya karibu kila kiwanja kati ya Soy na Langas. Sijisifu. Ukweli ukiwa mkubwa husikika kama majivuno, na mimi siwezi kuupunguza kwa sababu hiyo.

Kwanza niwaambie habari ya diploma yenyewe, maana watu bado wananitania. Wabulgaria wana herufi zao. Nilipoipeleka katika ofisi moja mjini kuomba kazi, karani aliitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena, akaniambia upande huo wa pili unasomeka afadhali. Kazi sikupata. Basi nikaenda Yamumbi, ambako watu walikuwa wamechanga na kuunda kampuni ya kununua shamba la mzungu mmoja aliyefungasha na kuondoka. Walihitaji mtu wa kuandika barua na kusimamia mambo ya vijana na akina mama. Mshahara ulikuwa maziwa, unga, na chumba ambacho zamani kiliwekwa matandiko ya farasi. Nikakubali. Nililala miaka miwili nikinuka ngozi, na sikuona aibu. Mtu aliyejijenga mwenyewe huanzia mahali palipo na paa.

Mzungu yule aliacha pia kiwanja. Sijui alichezea nini pale, wengine walisema farasi, wengine walisema alikuwa akitembea tu akipiga kijimpira kidogo kwa fimbo na kukasirika. Lakini kilikuwa tambarare kama chapati, na nyasi zake zilikuwa laini. Nilipokiona mara ya kwanza nilivua viatu.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, kwa sababu hamtayasikia kwa hao makocha wenu wa kompyuta.

Nyasi hazikatwi kwa panga. Panga huacha visiki vinavyochoma nyayo. Azima kondoo. Kondoo hukata nyasi karibu na udongo kuliko mashine, na huacha mbolea. Tatizo ni kwamba mbolea hiyo huiacha mahali pasipofaa, hasa mbele ya goli, kwa hiyo waondoe kondoo wiki moja kabla ya mechi, si asubuhi ya mechi kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza. Siku hiyo mshambuliaji wa Moiben aliteleza kutoka katikati ya uwanja mpaka ndani ya goli bila kupiga hatua, na watu wakabishana wiki nzima kama lile lilikuwa bao, maana mpira ulikuwa umebaki nyuma.

Mistari nayo, msihangaike na chokaa. Chukueni majivu ya jikoni, mchanganye na kinyesi cha ng'ombe na maji, mpake kwa ufagio. Upepo wa Uasin Gishu hupeperusha chokaa kabla ya nusu ya kwanza kuisha. Mchanganyiko wangu ulikaa mpaka mvua ilipokuja. Na mpira wa ngozi, ule wa kamba, ukikaa juani huwa mgumu kama boga. Paka mafuta ya ng'ombe usiku, asubuhi pangusa. Na mfundishe mchezaji asipige kichwa upande wa kamba. Mama mmoja wa Soy alipiga kichwa upande wa kamba akatembea na alama ya msalaba kwenye paji la uso mpaka Jumapili, na kasisi akamsifu mbele ya kanisa zima.

Hayo nilijifundisha mwenyewe. Bulgaria hawana majivu ya kuchezea.

Mpira wa akina mama haukuwa wazo langu. Nasema hivyo kwa unyenyekevu. Wazo lilikuwa la Mama Salome, mwenyekiti wa klabu ya akina mama wa Yamumbi. Klabu hizo zilikuwa kila shamba lililonunuliwa. Akina mama walikutana alasiri moja kwa wiki, wakashona vitambaa, wakafundishana kuoka mikate kwenye sufuria, wakasengenya kwa utaratibu. Mama Salome alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Siku moja alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni.

"Mwalimu, wewe ulisomea michezo?"

"Nilisomea."

"Basi tumechoka na vitambaa. Tufundishe mpira ile ya wanaume."

Nikawafundisha. Walicheza pekupeku, magauni yamefungwa kwa leso kiunoni, na nawahakikishia kwamba katika maisha yangu sijaona watu wanaopiga mpira kwa hasira safi kama ile. Baada ya miezi michache habari ikaenea. Soy wakaunda timu. Moiben wakaunda timu. Na Langas, ambako akina mama wengi walikuwa wachuuzi wa mboga na samaki wakavu, wakaunda timu ya kutisha, chini ya Mama Adhiambo, mwanamke mfupi mpana aliyekuwa akikaba mtu kama mlango unavyokaba.

Hapo ndipo kamati ya kampuni ilipotukumbuka. Shamba lilikuwa likigawanywa. Kila mwenye hisa alitaka ekari zake, na kile kiwanja kilikuwa udongo mzuri uliolala bure. Mwenyekiti wa kampuni, Mzee Kirwa, aliniita. Alikuwa mtu wa haki lakini asiyependa kitu ambacho hakiliwi.

"Diploma," akaniambia, maana hilo ndilo jina walilonipa, "hii kiwanja inamea nini?"

"Inamea wachezaji, Mzee."

"Wachezaji wanapikwa na nini?"

Mama Salome alikuwa pale, akajibu badala yangu. "Mzee, wanaume wako na baraza yao, wako na soko, wako na pombe. Sisi tuko na hiyo kiwanja peke yake. Mkilima hiyo, tutakutana wapi, kwa choo?"

Kamati ikanong'onezana. Mzee Kirwa akatoa masharti. Mvua zikianza, kiwanja kingelimwa mahindi, isipokuwa tuonyeshe kwamba kina faida kwa watu. Tuandae mashindano ya klabu zote nne, siku moja, yaanze na yaishe kabla jua halijazama, bila ugomvi, na kila mchezaji awe na ruhusa ya kwao. Yakikatika katikati, asubuhi yake trekta inaingia.

"Yakimalizika?" nikauliza.

"Yakimalizika, mahindi tutapanda kwingine. Lakini wewe huwezi maliza. Wewe hata ugali yako unaacha nusu."

Hilo halikuwa kweli. Nilikuwa nikiacha kidogo kwa heshima, kama nilivyofunzwa ugenini.

Basi nikaanza kuazima. Vijana, kazi ya kuandaa mashindano ni asilimia kubwa kuazima, na hiyo diploma haikufundisha. Magogo ya goli niliazima kwa jirani aliyekuwa ameyakata ya kujengea ghala. Filimbi niliazima kwa mwalimu wa shule ya msingi, akanionya nisiitemee mate. Lori la kuwaleta Soy na Moiben niliazima kwa Haji Farah, msafirishaji mwenye duka mjini, mtu mkimya aliyependa kuhesabu tasbihi wakati wewe unajieleza, ukafikiri anahesabu uongo wako.

"Lori haiombwi," akaniambia. "Lori inafanya kazi. Utafanya nini na wewe?"

"Nitapakia mahindi yako, Haji. Safari moja nzima, mimi mwenyewe."

Akatazama mikono yangu. "Hiyo mikono imewahi shika gunia?"

"Imeshika vyuma vizito zaidi, Bulgaria."

"Gunia haina pa kushika kama chuma," akasema. Lakini akakubali, na kabla sijatoka akashusha sufuria kubwa kabisa kutoka kwenye rafu, ile ya kupikia harusi. "Hii ni ya mshindi. Sufuria nimetoa. Lori nimekopesha. Usichanganye."

Sasa nije kwenye kuazima kugumu kuliko kote, yaani kuazima wachezaji wenyewe. Hapa nawapa siri ambayo imenifaa maisha yote. Nilianza kwa waume. Wote walikubali upesi, wengine hata bila kugeuza kichwa. Nikarudi chumbani nikijiona mwanadiplomasia. Kesho yake mazoezini hakuja mtu. Kumbe mume hakuwa mwenye mali. Mwenye mali alikuwa mama mkwe. Msimu ule ulikuwa wa kupukuchua mahindi na kusafisha mashamba kabla ya mvua, na mke akienda mpirani, mume hapotezi kitu, lakini mama mkwe anapoteza mikono miwili. Kijana, ukitaka kumwazima mtu, usimwombe anayempenda. Mwombe atakayebaki na kazi yake.

Nikaanza upya, nyumba kwa nyumba, kwa akina kogo, kama bibi wanavyoitwa huko. Nao walikuwa na lugha moja, kana kwamba walifanya mkutano: siku kwa siku. Kila alasiri ya mazoezi na siku ya mashindano, nitakayoichukua sasa, niirudishe kwa jembe wakati wa palizi. Mimi mwenyewe, si kibarua wa kukodi.

Mgumu kuliko wote alikuwa Kogo Maria, mama mkwe wa kipa wetu Rael. Rael alikuwa msichana mwembamba aliyeolewa karibuni, mwenye mikono mirefu na macho ya kushtuka, na bila yeye hatukuwa na timu. Kogo alinisikiliza akichambua maharage.

"Huyo ndiye anakama Betty," akasema. Betty alikuwa ng'ombe wa gredi, yaani wa kizungu wa maziwa mengi, aliyeachwa na mzungu pamoja na jina lake.

"Atarudi mapema, Kogo."

"Na wewe unajua kulima?"

"Nina diploma ya viungo vyote vya mwili."

"Mimi naazima mgongo tu," akasema, akarudi kwa maharage. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana.

Siku ilifika. Ratiba yangu, niwaambie ukweli, ilikuwa nzuri kiasi kwamba ningeweza kuipeleka popote duniani. Nusu fainali mbili asubuhi, chakula, fainali mchana. Kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine aliyejua sheria, nilikuwa pia refa. Watu walijaa mpaka kwenye matawi ya miti ya miwati. Wasomali wa mjini walikuja na ndugu yao Haji, wakulima walikuja na familia nzima, na mjomba wangu alikuja na mbuzi mmoja kwa kamba, kunikera.

Lori la Soy lilichelewa. Akina mama wa Soy walikuwa wamemlazimisha dereva azunguke soko lao mara nyingi huku wakiimba, ili kila mtu awaone wako juu ya lori. Kwa hiyo nusu fainali zilichelewa, chakula kikachelewa, na fainali kati ya Yamumbi na Langas ikaanza jua likiwa limeshaanza kuegemea. Sikujali. Muda bado ulikuwepo. Ratiba ilikuwa na kasoro moja tu ndogo: haikuwa na ng'ombe ndani yake.

Tulikuwa karibu na mwisho wa nusu ya kwanza, hakuna bao, wachungaji waliporudisha ng'ombe kutoka malishoni. Njia yao ilipita nyuma ya goli la Yamumbi. Ng'ombe wakasikia sauti za wenyewe uwanjani, wakasimama wote kwenye ua, viwele vimejaa, wakaanza kulia. Betty akaja mpaka nyuma ya Rael, akaingiza kichwa katikati ya nguzo za goli, akamwita kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Rael akageuka. Mama Adhiambo wa Langas, ambaye hakuwa na ng'ombe, hakugeuka. Mpira ukapita pembeni mwa Rael taratibu kabisa, ukamgonga Betty puani.

"Bao," nikasema, nikapuliza.

"Hiyo si bao, imegusa ng'ombe," akasema Mama Salome.

"Imegusa ng'ombe ikiwa ndani."

"Kwani ng'ombe ako ndani ya goli, huyo si mchezaji wetu?"

"Mama, endelea kucheza."

Hakuendelea. Muda wa mapumziko ulifika, na timu nzima ya Yamumbi ikatoka uwanjani ikaelekea mabandani. Nikawakimbilia. Mama Salome hakusimama, alizungumza akitembea. "Mwalimu, tunakuja. Lakini ng'ombe hangoji. Maziwa ikikaa ndani, kiwele inavimba, na hiyo ng'ombe bado tunalipia deni ya kampuni. Unataka tuwaambie nini kwetu?"

Nyuma yangu Mzee Kirwa alikuwa ameshasimama kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa na huzuni kidogo, lazima niseme, kama mtu anayetaka kushinda lakini si hivi. "Diploma, fainali imekatika. Wameondoka uwanjani."

"Haijakatika, Mzee. Ni mapumziko."

Nikageukia waume. Nikawahutubia. Niliwaambia kwamba katika nchi nilizotembea mwanamume hukama bila kupungukiwa kitu, na kwamba leo wanaweza kuokoa kiwanja kwa vidole vyao wenyewe. Hotuba ilikuwa nzuri. Waume watano walijitolea, nami nikawa wa sita, ili kuonyesha mfano. Sasa ng'ombe wa gredi ana jambo moja: anajua mkono unaomkama. Mkono mgeni ukimgusa, anabana. Mume wa Mama Salome alipigwa teke, yeye na ndoo wakaenda pande mbili. Mwingine alipata maziwa ya kulowesha kucha. Mimi nilipewa Betty. Hakunipiga. Alinigeuzia shingo na kunitazama kama yule karani wa mjini, kana kwamba anatafuta upande wangu ulio afadhali, halafu akabana kila tone.

Tukawaachia wake kazi yao, tukarudi uwanjani mikono mitupu. Langas walikuwa wameketi nyasini. Ushindi ulikuwa wao kwa kunyoosha mkono tu. Mzee Kirwa alimwendea Mama Adhiambo. "Mama, chukua sufuria yenu. Hawa wamewaachia."

Kama angeichukua, mashindano yangekuwa yamekatika, na trekta ilikuwa imeegeshwa kule chini, nyote mngeiona.

Mama Adhiambo aliinuka polepole, akajipangusa nyasi. "Mzee, hiyo sufuria nikipeleka Langas, wataniuliza nilimshinda nani. Niseme nilishinda watu walienda kukama? Hapana. Mimi nauza samaki, najua mtu akiitwa na kazi." Akageukia timu yake. "Nyinyi mmekaa mnangoja nini? Twende tuwashikie kamba, wamalize haraka tuje tuwachape vizuri."

Langas yote ikaenda mabandani. Waliosalia walikuwa mimi, Mzee Kirwa, mjomba na mbuzi wake, na umati uliokuwa ukiangalia jua.

"Diploma," akasema Mzee Kirwa, "sheria ya mpira inasema mapumziko ni dakika ngapi?"

Hapa ndipo elimu inapolipa, vijana. Nilisimama wima. "Mzee, sheria inasema refa ndiye mwenye saa." Nikavua saa yangu mkononi, nikaitia mfukoni, nikafunga kifungo cha mfuko.

Aliutazama mfuko wangu. Halafu akaketi. "Hiyo saa yako," akasema, "ni mbaya kuliko wewe."

Mapumziko yale yalikuwa marefu kuliko mechi yenyewe. Kutoka mabandani tulisikia kelele na vicheko. Wanawake wa Langas, ambao wengi hawakuwahi kushika ng'ombe, walikuwa wakishika mikia, wakibeba maji, wakiosha viwele, wakikanyagwa. Umati haukuondoka kwa sababu akina mama walituma maziwa moto na chai, na mtu hawezi kuondoka na kikombe cha watu. Walipotoka, timu zote mbili zilinuka zizi, na nusu yao walikuwa wakichechemea. Jua lilikuwa limeshuka kwenye vichwa vya miwati. Nikatoa saa mfukoni, sikuitazama, nikapuliza filimbi.

Nusu ya pili ilichezwa kama watu wanaokimbia mvua. Mama Salome alisawazisha kwa shuti ambalo sijaona tena, la kidole gumba kitupu, mpira ukapinda kama njia ya ng'ombe. Umati ulikuwa umeingia ndani ya mistari yangu ya majivu na sikuwa na nguvu za kuwatoa. Kivuli kilipofika katikati ya uwanja, Mama Adhiambo aliuchukua mpira, akapita kati ya watu wawili kwa kuwasukuma tu na kifua chake, akamfikia Rael, akafunga. Hakukuwa na ng'ombe wa kulaumiwa safari hii. Nikapuliza ya mwisho na ncha ya jua bado ilikuwa juu ya miti. Nilionyesha kwa kidole ili kila mtu aione, hasa kamati.

Tulishindwa mechi. Mama Salome alikuwa akicheka na kulia pamoja, magoti yamechubuka. Mzee Kirwa alimkabidhi Mama Adhiambo sufuria, na yeye akaiinua juu kichwani kama taji, na ilimfaa. Halafu mzee akasema, bila kupandisha sauti, kwamba kiwanja hakitalimwa, na kwamba atamwambia mwenye trekta aende upande wa mto. Akaongeza kwamba mwaka ujao ratiba iangalie ng'ombe kwanza na watu baadaye. Hilo nililikubali. Mashindano yangu yote yaliyofuata, na yalikuwa mengi, yalikuwa na mapumziko ya kukama. Wageni kutoka Nairobi walikuja wakaniuliza niliutoa wapi utaratibu huo. Niliwaambia ni uvumbuzi wangu, na ni kweli, maana ng'ombe hawakuwa na saa.

Sasa madeni. Magogo ya goli nilirudisha kesho yake, na yakawa ghala, na mpaka ghala lile lilipobomoka lilikuwa na alama ya mpira mlangoni. Filimbi nilirudisha ikiwa imepanguswa. Kwa Haji nilipakia lori zima la magunia. Alikaa kivulini na tasbihi yake akaniacha niteseke mpaka gunia la mwisho, kisha akanipa soda na kusema Bulgaria walinidanganya kuhusu vyuma vile.

Halafu mvua zikaja, na palizi. Nililima kwa kogo mmoja baada ya mwingine. Watu walitoka njiani kuja kuona diploma ikipalilia mahindi. Nilikosea mistari, nikang'oa mahindi nikaacha magugu, nikapata malengelenge juu ya malengelenge. Mjomba alikuja akasema mbuzi wake wanalima vizuri zaidi, angalau wanameza wanachong'oa.

Wa mwisho alikuwa Kogo Maria, kwa sababu yeye alinidai siku nyingi kuliko wote na nilimwogopa kuliko wote. Shamba lake lilipakana na kiwanja. Kila alasiri nikiwa nalima, akina mama walikuwa wakifanya mazoezi ng'ambo ya ua, na Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akiwa amewapa mgongo, uso kwangu. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatazami.

"Kitu bado nadai, siwezi kaa nikifurahia," akasema. "Lima. Hiyo umeacha nyuma yako ni majani, si mahindi."

Nililima. Siku ya mwisho nilifika mwisho wa mstari wa mwisho, nikasimamisha jembe, na mgongo ukakataa kunyooka wote mara moja. Kogo alikuja akatembea kati ya mistari yote, polepole, akiinama hapa na pale. Hakuona kosa, na nadhani hilo lilimuuma. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, akanipa nikanywa nikiwa nimesimama.

"Imeisha," akasema.

Hapo sikuwa na deni kwa mtu yeyote Yamumbi, wala Eldoret, wala popote. Vijana, hakuna diploma iliyo na hisia hiyo.

Kogo alichukua kigoda chake, akakigeuza, akaketi akitazama kiwanja. Akanionyesha nyasi kando yake, nami nikaketi. Akatazama kwa muda akiwa amekunja macho.

"Wangu ni gani?"

"Yule golini, Kogo. Pale kati ya fito mbili."

"Mbona wenzake wanakimbia na yeye amesimama tu?"

"Ndiyo kazi yake. Anangoja mpira umfikie."

Mpira ulikuwa upande wa pili kabisa, na Rael alikuwa amesimama, mikono mirefu imening'inia, akifukuza nzi.

"Kusimama," akasema Kogo, "si angesimama hata hapa nyumbani."

Lakini kigoda hakukigeuza tena.